Koti la Kukodi na Unga wa Bibi Maua

Ninyi vijana mnaokuja kugonga mlango wangu hapa Dilala, Kolwezi, CV imefungwa ndani ya plastiki kama mkate, karibuni, kaeni. Kile kiti cha kijani kina mguu mbovu, mwenye mwili mkubwa asikiguse. Nimechoka kusema maneno yaleyale kwa kila mmoja, basi nimeyaandika hapa yote. Someni, na mkitoka mfunge lango vizuri, maana mbuzi wa jirani anangoja nafasi aje kumaliza mboga yangu.

Mimi ni Mama Numbi. Wenye umri wao wananijua kwa jina la Mama Megafoni, kwa sababu nilianza kazi nikiwa nimesimama nyuma ya pick-up, kipaza sauti mkononi, natangaza sabuni, bia na mechi za mpira kutoka Manika mpaka huku kwetu. Baadaye nikasoma matangazo kwenye redio. Mwisho nikawekwa ofisini, idara ya matangazo ya kampuni moja iliyouzia migodi buti na kofia, na huko nikawa nakaa mezani na wakubwa kuwahoji vijana wanaotafuta kazi. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za ile meza. Upande wa wakubwa huwa kuna maji ya chupa.

Sasa nimestaafu, na kazi yangu ya bure ni kuwatayarisha ninyi kwa interviu za kazi ya siku hizi: kuandika na kupiga video kwenye mitandao ili watu wanunue kitu. Kwenye tangazo la kazi ina jina refu la kizungu. Hapa mtaani tunasema tu "mutu wa ukurasa". Nitaandika Kiswahili cha shule, kile masista walichonitia kichwani kwa rula, lakini watu wakifungua mdomo watasema kama tunavyosema hapa kwetu. Asiyependa akasome gazeti.

Tuanze na koti. Karibu na kustaafu kwangu tulitafuta kijana wa kupiga video za buti. Akaingia wa kwanza, koti la bluu, mkono wa kushoto una alama ya pasi iliyounguza. Akajibu, akatoka. Akaingia wa pili, koti la bluu, alama ya pasi. Nikasema moyoni, labda ni mtindo mpya kutoka Lubumbashi. Wa tatu, koti lilelile, na sasa lina jasho la watu wawili. Wa nne alikuwa kijana mnene kama gunia la makaa, koti limemkaba mpaka mikono haishuki, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji. Nikashindwa kujizuia.

"Koti, jambo tena," nikasema. "Karibu, ikala. Na uyu umemuleta leo ni nani?"

Wakubwa wakainamia karatasi zao wakitetemeka kwa kicheko. Kijana wa watu akatazama chini. "Mama, ni ya fundi mushonaji wa ku Manika. Anatukodishaka. Benzangu beko nyuma ya ukuta, banangoya."

Nikachungulia dirishani. Kweli, walikuwa wawili zaidi, wamesimama na mashati, wanatazama mlango kama watu wanaosubiri zamu ya bomba. Tukamwambia yule mnene avue. Alipovua alipumua, na alipopumua akaanza kusema kama binadamu, akatueleza jinsi wachimbaji wanavyofunga kamba za buti na kwa nini zetu zinakatika. Ndiye tuliyemchukua. Basi, mwanangu, vaa shati lako mwenyewe, lifue, lipige pasi bila kuliunguza, uje.

Fundi ndiye mwenye koti lile, lakini baba yake ni yule anayewatuma kulikodi, mheshimiwa anayejiita Koch Ushindi. Mnamjua wote, msijifanye. Ana meza nyuma ya duka la vocha, anauza majibu ya interviu kama watu wanavyouza nyanya, kwa fungu. Kila aliyepita kwake ukimuuliza udhaifu wake ni nini, anakohoa kidogo, anasema: "Bubaya yangu, mi napendaka kazi kupita kipimo." Siku moja niliwasikia saba mfululizo. Mkubwa wetu akaweka kalamu chini akasema Kolwezi kumbe ni mji wa watakatifu. Na mimi niliyekuwa nimemngoja fundi wa umeme wiki nzima nikajiuliza hawa wapenda kazi wote wanakaa mtaa gani.

Kisha unamuuliza, kwa nini unataka kazi kwetu? "Kwa kutimiza maono ya kampuni." Maono gani, mwanangu? "Ile... maono ya mbele." Loo! Ya mbele, siyo ya nyuma. Asante sana, tutakupigia.

Na wewe unayefunga kula siku ya interviu ili Mungu akufungulie milango: Mungu hana neno, tumbo ndilo lenye neno. Nilimwona binti mmoja, kila akiulizwa swali tumbo linatangulia kujibu. Mkubwa akashika mfuko wake akidhani ni simu. Sali, hata mimi nasali, tena nakaa mstari wa mbele. Lakini kula bukari kwanza, ule ugali wetu.

Mnaniuliza nilifundishwa na nani. Si koch. Nilifundishwa na Tata Kyungu, dereva wa ile pick-up ya megafoni, mtu wa kaskazini, mfupi, mwenye meno machache na maneno machache kuliko meno. Yeye hakunipa somo hata siku moja. Alikuwa anazima tu.

Tukikuta matawi ya majani yamewekwa barabarani, alama kwamba mbele kuna nyumba ya kilio, Tata Kyungu anazima kipaza sauti. Hata kama niko katikati ya neno. Nimesema "Sabuni yenye po..." na pale pale kimya. Tunapita polepole, tunawasalimia wafiwa kwa kichwa, tukishapita mbali anawasha, namalizia "...vu!" Leo ninyi mnaweka video ya kukata kiuno siku ambayo mtaa mzima umekaa chini kwenye mikeka ya msiba, halafu mnashangaa kutukanwa na watu mpaka mababu zenu. Kabla hujabonyeza kitu, chungulia nje. Mkikosa jibu kwenye interviu, jibuni hilo, litawafaa.

Siku nyingine tulikuwa soko la Manika. Mwenye sabuni mwenyewe alikuwa amekaa mbele na dereva, miwani ya jua, shingo ndefu. Mama mmoja muuza mihogo akasimama mbele ya gari, akaanza kupiga kelele kwamba sabuni yetu imemchubua uso. Bwana sabuni akanigeukia akasema: "Ongeza sauti! Mufunike!" Nikaongeza. Mama naye akaongeza. Tata Kyungu akazima gari, akazima kipaza, akashuka, akaninyang'anya megafoni, akampa yule mama.

"Sema, mama. Bote basikie."

Eh! Yule mama alitutukana kwa Kiswahili, akatutukana kwa Kiluba, akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wale ambao hawakusikia vizuri. Watu walijaa. Alipochoka, Tata Kyungu akamuuliza kwa upole: "Mama, ile sabuni ulinunua, ilikuwa ya rangi gani?" Akasema ya njano. Ya njano ilikuwa ya kusugulia sakafu. Mama akacheka yeye wa kwanza, soko zima likacheka, na siku hiyo tuliuza mpaka maboksi yakabaki matupu, tukayakalia.

Tukiwa njiani Tata Kyungu akasema maneno yote aliyokuwa ameyaweka mwezi mzima: "Numbi, mutu akilalamika, hapana kumufuta. Ukimufuta hapa, ataenda kusemea pale penye we hauko."

Nimewauzia vijana wengi kanuni hiyo. Usifute mtu. Niliisema mpaka ikawa kama kikohozi changu. Sasa nisikilizeni mjue ilinirudia vipi.

Kuna binti anaitwa Ngalula, wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, yeye amezaliwa hapahapa Dilala, mama yake anauza samaki wakavu. Ana diploma yake nzuri, na miaka miwili alikuwa anajipepea nayo tu. Mjomba wake wa Kasaji, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, akatuma neno: usipopata kazi safari hii, njoo huku ukae dukani. Ngalula alilia. Si kwamba Kasaji ni pabaya, kuna treni, kuna mihogo, kuna hewa isiyo na vumbi la malori. Ila yeye anapenda kupiga video na kuandika, na mjomba wake ni mtu ambaye hata simu yenye kamera anaiona ni ya wahuni. Alikuwa anajua akienda atakaa kati ya minyororo na pedali mpaka aolewe na mnunuzi wa minyororo na pedali.

Kampuni moja ya unga wa mahindi ikatangaza kazi ya mtu wa ukurasa. Ngalula akaja kwangu na kitenge kichwani, macho mekundu. "Mama Numbi, unisaidie. Nikikosa hii, Kasaji."

Siku ya kwanza nilimwambia ajitambulishe kama yuko mbele yao. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mtangazaji wa televisheni, herufi R zinaviringika kooni.

"Ngalula, ile mudomo ya Paris uliinunua wapi?"

"Mama, si njo bakubwa banapenda?"

"Bakubwa banapenda kuuza bunga. Bunga inakuliwa Paris?"

Akacheka, akaanza upya kwa sauti ya mama yake. Nikamtuma sokoni apige video fupi ya kitu kimoja, bila muziki, na aniletee watu watatu waliotazama mpaka mwisho. Mara ya kwanza alileta video ya machweo ya jua. Nikamuuliza jua linauzwa bei gani. Mara ya pili alileta mikono ya mama yake ikipanga samaki, na mama mwenyewe anabishana na mteja, na hiyo hata mimi niliitazama mara mbili. Nikamwambia asome ukurasa wa ile kampuni mpaka chini kabisa, kwenye maneno ya wateja, kwa sababu huko juu ni manukato na huko chini ndiko kuna jasho. Na nikamwambia: kitu utakachokwenda kukisifia, kinunue kwanza, kipike, kile.

Na mimi, kwa kuwa sipendi kufundisha kitu nisichokijua, nikanunua mfuko wangu wa ule unga.

Jamani. Nilisonga bukari, nikakaa na sombe yangu ya majani ya mihogo na dagaa, nikatia tonge la kwanza mdomoni. Uchungu! Siyo wa kubahatisha. Nikamtupia kuku, akadonoa mara moja, akanitazama, akaenda zake. Hasira ikanipanda. Nikashika simu. Kwenye mtandao mimi naitwa Bibi Maua, nimeweka picha ya ua jekundu, kwa sababu sitaki wajukuu wajue ninavyogombana na watu. Nikaingia kwenye ukurasa wa ile kampuni nikaandika: "Bunga yenu iko buchungu sawa dawa ya minyoo. Ata kuku yangu imekatala. Benyewe munakulaka hii?" Nikatuma, roho ikatulia, nikalala usingizi wa mchana.

Siku mbili baadaye Ngalula akaenda interviu. Akarudi jioni, miguu imejaa vumbi, macho yanang'aa kwa hofu. Nikampa maji.

"Mama, habakuniuliza bubaya yangu. Habakuuliza kitu. Patron, mukubwa wa kampuni, aliweka simu juu ya meza, akasema: soma hii, ujibie sasa, tuko tunaangalia."

"Soma nini?"

"Maneno ya mama moja, mukali sawa pilipili. Anaitwa Bibi Maua."

Maji niliyokuwa nakunywa yakapita njia mbaya. Ngalula akanipiga mgongoni, akaendelea. Waliingizwa wanne pamoja, simu ikapita mkono kwa mkono. Wa kwanza alifuta maneno ya yule mama mbele yao akasema tatizo limekwisha, ikabidi wayarudishe. Wa pili aliandika: mama, nenda ukanunue kwingine. Wa tatu, alikuwa na koti la bluu, aliandika Kifaransa kirefu mpaka Madame anayesimamia wafanyakazi akapiga miayo. Ngalula akaandika hivi, akanionyesha: "Mama yetu, jambo sana. Pole kwa chakula yako. Hatukufute. Siku ya posho asubui tutakuwa ku soko ya Manika na sufuria na mbaula. Ukuye na ile mufuko yako, tupike pamoja, batu bote baonje."

Kumbe simu yangu ilikuwa imelia mchana ule na sikuifungua.

"Na patron alisema nini?"

"Alisema, ule mama akitoka pale na roho muzuri, kazi ni yangu. Akituaibisha mbele ya soko, nisirudie tena." Akanishika mkono. "Mama, unamuyua uyu Bibi Maua?"

"Namusikiaka," nikasema.

"Pengine ataikala mupole?"

"Pengine."

"Hapana, mama. Kwa ginsi anaandikaka, ule ni mutu wa bisirani. Ule hata bwana yake alikimbia."

Mume wangu alikufa kwenye ndoa, tena akinisifia bukari. Nikameza. Ngalula akaniambia mjomba tayari ametandika kitanda, ametuma na picha ya kitanda. Alikuwa anacheka, lakini mikono yake ilikuwa baridi.

Nilikaa na jambo hilo mpaka Jumamosi, siku yetu ya posho. Nisipokwenda, patron atasema binti alimwalika mtu wa hewa. Nikienda nikasema kweli, Kasaji. Basi nikaamua nitasema uongo. Msinitazame hivyo. Nimewahi kutangaza bia iliyochacha kwa sauti ya malaika, unga utanishinda? Nitakula tonge moja, nitasema "tamu", nitabeba kitenge changu nirudi nyumbani. Kwenye pikipiki ya teksi njia nzima nilikuwa najizoeza. "Tamu. Aa, tamu. Tamu sana." Dereva akapunguza mwendo akauliza: "Mama, unasema na mi?" Nikamwambia aangalie malori.

Sokoni watu walikuwa wamejaa. Mbaula ya makaa inawaka, sufuria inachemka, patron amesimama na shati jeupe, ambalo kwa vumbi la Manika halikuwa wazo zuri, Madame wa wafanyakazi kando yake na kitambaa puani. Ngalula ameshika simu, anatafuta kwa macho yule mama mkali. Akaniona, akafurahi, akakimbia.

"Mama Numbi! Umekuya kunisaidia!"

Nikatoa mfuko wa unga ndani ya kapu. "Hapana, mutoto wangu. Mi njo Bibi Maua."

Alinitazama. Akatazama mfuko. Midomo yake ikatetemeka, sikujua kama ni kilio au kicheko, na nadhani hata yeye hakujua. "Mama... ile maneno ya bwana yako..."

"Tutaongea. Songa bukari."

Akasonga mwenyewe, mwiko mkononi, na alisonga vizuri, mama yake amemfundisha. Watu wakasogea. Walionitambua wakaanza kuitana: "Ni Mama Megafoni! Ule wa sabuni!" Basi, hapo hata ningetaka kujificha ningejificha wapi? Ngalula akaniletea bukari kwenye sahani, akainua simu kupiga video, na alipoinama akaninong'oneza sikioni: "Mama, usiniokoe. Sema ginsi iko."

Nikaona, mtoto huyu hajui anachosema, mimi najua. Nikafinyanga tonge. Nikalitia mdomoni. Nikafungua midomo niseme "tamu".

Wanangu, ulimi niliuamuru, ukatii. Uso sikuuamuru. Jicho la kushoto likafumba lenyewe, pua ikapanda, shavu likaenda upande wa soko la mboga, na lile neno "tamu" likatoka kama mtu anayeng'olewa jino. Halafu soko zima la Manika likapasuka kwa kicheko. Muuza nyanya mmoja akakaa chini juu ya nyanya zake. Nilitaka ardhi ipasuke, na Kolwezi ardhi haina shida kupasuka, lakini siku hiyo ilikataa.

Patron akasogea, uso mwekundu. "Uyu mama anacheza komedi," akasema.

Ngalula akamgeuzia simu. Sauti yake ilikuwa ile ya mama yake, ya sokoni. "Patron, na we onja. Batu banangoya."

Simu nyingi zilikuwa zimeinuliwa. Hakuwa na pa kwenda. Akachukua kitonge kidogo kama cha mtoto mchanga, akatafuna. Nilimhurumia, nakuambieni kweli, kwa sababu nilijua safari anayopita. Uso wake ukaenda kulekule ulikokwenda wangu.

Ngalula hakumwuliza ruhusa. Akaikabili ile simu akasema: "Bamama, mumeona. Hatufiche kitu. Babebaji ba mifuko baliniambia, ile mahindi ililoana mu depo. Kila mutu mwenye kununua hii mufuko, alete hapa, atapata ingine muzuri." Kisha ndipo akamtazama patron, simu bado ameiinua. Hapo ndipo penyewe. Kasaji ilikuwa pale, na kitanda kimetandikwa.

Patron akazitazama simu, moja moja. Akamtazama Madame. Madame akatoa kitambaa puani akasema kwa sauti ndogo, lakini mimi masikio yangu ni ya redio, nilisikia: "Uyu mutoto ni hatari. Afazali aikale ndani kwetu kuliko inje." Patron akasema ndiyo, mifuko ibadilishwe. Alisema kwa sauti kubwa, na alitabasamu kwa upande mmoja wa uso, ule mwingine ulikuwa bado na uchungu wa unga.

Ngalula akaanza kazi wiki iliyofuata. Nilimkumbatia akalia begani kwangu, na mimi nikalia, na nikamwambia kwamba mume wangu hakukimbia. Tukacheka mpaka mbuzi akaingia kwenye mboga.

Mngeweza kufikiri hadithi imeishia hapo, na mimi pia nilifikiri. Kazi ya kwanza ya Ngalula kwenye ukurasa, mnajua ilikuwa nini? Alikata picha ya uso wangu kwenye ile video, jicho limefumba, shavu limekwenda, akaandika chini: "Bibi Maua ameonja kwanza." Watu wakaigeuza stika. Sasa iko kwenye kila simu ya Kolwezi. Umeme ukikatika, Dilala nzima inatumiana uso wangu. Mahubiri yakiwa marefu, uso wangu. Ngalula alipomwandikia mjomba wake kwamba haendi tena Kasaji, yule mzee asiyetaka simu za wahuni alijibu kwa uso wangu.

Nikamwita yule binti. Nikamwambia kwa ukali wote wa megafoni: "Ngalula, ile picha, uifute leo!"

Akaweka mikono nyuma kwa heshima, kama nilivyomfundisha kusimama mbele ya wakubwa. "Mama, pole sana. Lakini we njo ulinifundishaka. Hapana kufuta mutu."

Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za Tata Kyungu, mtu alikuwa amenizima katikati ya neno. Alipoondoka nikashika simu nimwandikie jibu, nikatafuta maneno ya kutosha hasira yangu na furaha yangu, sikuyapata. Nikamtumia ile stika.